Fundi wa Studio na Mteja Msumbufu

Bibi Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kutiwa sauti katika sahani za santuri, upande mmoja wa sahani ulichukua takriban dakika tatu, na kilichokwisha kuchorwa katika nta hakikuwa na marekebisho ila kuimbwa upya tangu bismillahi hata tamati. Kompyuta ya leo haikatai kitu. Na katika utiifu huo wa mitambo, kuliko katika tabia mbovu za watu, ndimo zizaliwamo ghasia nyingi baina ya fundi na mteja.

Lalamiko la awali huja mwimbaji ajisikiapo katika spika: “Fundi, hii si sauti yangu, umeiharibu.” Wala hasemi uongo, kwani kila mtu huisikia sauti yake kwa njia mbili, hewani na kupitia mifupa ya kichwa, na mifupa huipa uzito ambao maikrofoni, ikiwa nje ya fuvu, haiwezi kuudaka. Mweleze hayo kwa adabu, kisha msikilizishe beti moja pamoja na ala zote, na aghalabu atatulia. Akitoka nje ya ufunguo, usikimbilie kulilaumu koo lake: angalia hedifoni kwanza, kwa kuwa ala zikimzidi nguvu masikioni hupiga makelele, na akijisikia mno huimba kwa kujibana. Wengi hupona kwa kuvua upande mmoja tu.

Yupo pia ajaye na jamaa zake, kila mmoja kadhi. Mwenye kinanda ataka kinanda kipandishwe, mwenye fidla naye vivyo hivyo, hata kipimo kifike kwenye nyekundu na sauti ianze kupasuka. Dawa ni kushusha vingine kimyakimya, na akitakacho kitajitokeza chenyewe. Na watakapo kulinganisha miksi mbili, zisikike kwa nguvu sawasawa, maana sikio hudhani kilicho kikubwa ndicho kizuri. Wapo watakaoapa kwamba imetengenezwa upya miksi isiyoguswa ila kuongezwa sauti kidogo.

Mlevi arudishwe kwao, hana mjadala.

Lakini ugomvi mzito huwa wa fedha na wa kauli, na huu hauna dawa mezani pa mitambo. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 huwalinda watunzi, waimbaji na watayarishaji wa rekodi, ila haimwambii mtu kiitikio kirudiwe mara ngapi. Hayo ni juu ya mapatano yenu, kabla maikrofoni haijawashwa: arubuni ni kiasi gani, nani katika kundi mwenye kauli ya mwisho, marekebisho mangapi yamo katika bei, ya ziada yatalipiwaje, na mafaili ya kila ala ni milki ya nani. Basi andika, ndugu fundi, hata mteja akiwa binamu yako. Na hasa akiwa binamu yako.