Kaskazi ikivuma, likizo ya shule hugeuka msimu wa kazi kwa vijana wa Wasini

KWA mwanafunzi wa Nairobi au Nakuru, likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ni wakati wa kulala hadi jua lichomoze, kutazama televisheni na kuwatembelea babu na nyanya mashambani. Kwa kijana wa rika hilo hilo katika kisiwa cha Wasini, kusini mwa Kaunti ya Kwale, huo ndio wakati wa kurauka. Novemba upepo wa kaskazi huanza, bahari hutulia, maji huwa maangavu, na watalii humiminika.

Wasini ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, chenye urefu wa kilomita tano hivi, kisicho na magari. Vijiji vyake vikuu ni Wasini kwenyewe na Mkwiro. Hufikiwa kwa boti kutoka gati la Shimoni, kiasi cha kilomita 75 kusini mwa Mombasa. Wageni wengi hulala katika hoteli za Diani, hutolewa huko kwa magari asubuhi, huvushwa hadi Kisite kutazama pomboo na samaki wa miambani, kisha hurejeshwa Wasini kwa chakula cha mchana.

Katika mzunguko huo wa saa chache mna vijikazi vingi visivyo na jina rasmi. Kuna wa kushika kamba chombo kinapofunga gatini, na wa kumpa mkono bibi wa Kijerumani asiteleze anapopanda. Kuna wa kukumba maji yaliyoingia botini, wa kusuuza miwani na mapezi ya kupigia mbizi, na wa kubeba sinia za kaa waliochemshwa. Kaa wa Wasini ni sifa ya kisiwa: mgeni hupewa kigongo cha mti na ubao, akapasua magamba mwenyewe, na aghalabu huhitaji mtu wa kumwonyesha namna ya kuipata nyama ya gando bila kujirushia mchuzi. Mtu huyo mara nyingi ni mtoto wa shule.

Ni kosa kudhani kuwa kazi hizi ni mchezo wa watoto tu. Chanzo chake kimo katika historia ya bahari yenyewe. Mwaka 1973 serikali ilitenga eneo la Kisite na Mpunguti kuwa hifadhi ya bahari, na mipaka yake ikarekebishwa mwaka 1978. Kwa jumla hifadhi hiyo ina ukubwa wa kilomita 39 za mraba. Katika sehemu ya Kisite uvuvi ulipigwa marufuku kabisa, na katika Mpunguti wavuvi wakaachiwa mbinu za jadi pekee kama vile mishipi na madema. Wazee waliokuwa wakivua huko walipoteza maeneo waliyoyazoea, na utalii ukatarajiwa kuziba pengo hilo. Hivyo basi, kijana anayeshika kamba ya boti la watalii anafanya kazi iliyochukua nafasi ya ile ambayo babu yake angemrithisha.

Tatizo haliko katika kazi yenyewe. Liko katika kalenda mbili zisizopatana.

Kalenda ya shule ina likizo tatu: ya Aprili, ya Agosti na ile ndefu inayoanzia mwishoni mwa Oktoba au Novemba hadi mapema Januari. Kalenda ya bahari ina pepo mbili. Aprili huwa imekaribisha masika na mwanzo wa kusi, na wageni hupungua. Agosti kusi huwa bado na nguvu, mawimbi ni makubwa, ingawa huo ndio wakati nyangumi wa nundu hupita pwani hii, na wapo wageni wanaowafuata. Likizo ya Desemba pekee ndiyo inayoangukia msimu mnono. Lakini msimu huo haumaliziki shule zinapofunguliwa. Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi huwa bado ni kaskazi, wazungu wanaokimbia baridi ya Ulaya wangali wapo, na nahodha aliyezoea mikono ya kijana fulani kwa wiki sita angependa aendelee kuwa naye.

Hapo ndipo mtihani ulipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya umri wa miaka 13. Wa kati ya miaka 13 na 16 inamruhusu kufanya kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya wala makuzi yake na isiyomzuia kuhudhuria masomo. Kwa mujibu wa sheria, basi, kusuuza miwani tarehe 20 Desemba kunaweza kuwa halali, na kusuuza miwani hiyo hiyo saa nne asubuhi tarehe 20 Januari kukawa haramu. Kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni kengele ya shule.

Ugumu mwingine ni kwamba ujira wenyewe hauonekani vitabuni. Sehemu kubwa ni bakshishi, nayo hutolewa mkononi, siku hiyo hiyo, wakati mwingine kwa fedha za kigeni. Karo hulipwa kwa muhula na faida ya elimu huja baada ya miaka; bakshishi huingia mfukoni kabla ya magharibi. Kijana wa miaka 15 hahitaji kufundishwa hesabu hiyo.

Na fedha hizo zina pa kwenda. Mitindo huzaliwa Diani na Ukunda, ikapita Shimoni, ikavuka maji: kunyoa pembeni na kupaka rangi utosini, raba nyeupe, miwani myeusi, simu yenye kamera nzuri. Vijana wa Diani waliojifunza kuteleza juu ya mawimbi wakivutwa na tiara kubwa wamekuwa mashujaa wa wenzao wadogo. Lugha nayo ni pambo. Barobaro wa Wasini huongea Kivumba nyumbani, Kiswahili sanifu na Kiingereza darasani, kisha huongezea salamu za Kitaliano na hesabu za Kijerumani alizookota gatini bila mwalimu. Wengine hujibandika majina ya kuwachekesha wageni. Wazee hulalamika, japo baadhi yao waliwahi kufanya hayo hayo, tofauti ikiwa ni suruali pana za enzi zao.

Wasichana wana njia nyingine. Wao kwa kawaida hubaki nchi kavu, wakisaidia jikoni, kuchora hina, kusuka ukili au kuwasindikiza wageni kwenye daraja la mbao linalopita katika bustani ya matumbawe na mikoko, mradi wa kikundi cha akina mama wa kijiji ambao mapato yake yamesaidia kulipa karo za watoto. Faida ya mpango huo ni kwamba fedha hupita mikononi mwa mama kabla ya kumfikia binti. Wazazi wana sababu ya kuwaweka karibu. Utafiti wa serikali na UNICEF uliotolewa mwaka 2006 ulikadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika maeneo ya pwani, Diani ikiwemo, walikuwa wakihusishwa mara kwa mara na biashara ya ngono. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, inayotaja waziwazi utalii wa kuwadhulumu watoto kingono kuwa kosa la jinai.

Kisiwa kimewahi pia kuona vijana wa aina nyingine wakifanya kazi za likizo. Kuanzia mwaka 2006, kwa miaka kadhaa, shirika la Global Vision International lilileta Shimoni na Mkwiro wageni wa kujitolea, wengi wao vijana, kuhesabu pomboo na kufundisha shuleni. Hao walilipa kutoka mifukoni mwao ili wapewe kazi, na walipomaliza walirudi kwao kuendelea na masomo. Kwa mwenyeji wa rika lao, kazi ya bahari haina tarehe ya kurudi nyumbani.

Mwaka 2020 kalenda zote mbili zilisimama pamoja. Machi shule zilifungwa kwa sababu ya korona, ndege za abiria kutoka nje zikasitishwa, na boti zikakaa bila wateja. Madarasa mengi yalirejea Januari 2021, kabla ya wageni kurejea kwa wingi, na kwa mara moja kengele ya shule haikuwa na mshindani gatini.

Kawaida, hata hivyo, mambo huenda kinyume. Aliyeacha daraja lake la shule Januari ili amalizie msimu huwa na kazi hadi Machi. Mei mvua hunyesha, boti nyingi hupandishwa ufuoni zikalafatiwe na kupakwa deheni, na mafundi hawahitaji wasaidizi wengi. Muhula wa pili umeanza, na wenzake wanavuka asubuhi kwenda shuleni Shimoni wakiwa na sare zao. Yeye yuko barazani na simu yake, akingoja Novemba.