Kupiga mbizi kwa anayeanza: aingie majini kutoka ufukweni au botini?

Jinja ni mji uliozungukwa na maji. Upande mmoja kuna Ziwa Viktoria, na papo hapo Mto Nile unatoka ziwani na kuanza safari yake ndefu kuelekea Misri. Hata hivyo, wakazi waliowahi kuona kilicho chini ya maji hayo ni wachache mno. Mpiga mbizi anapotajwa mjini, wengi humfikiria mvuvi au askari aliyeitwa kutafuta mwili wa mtu aliyezama. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 2018, boti ya MV Templar ilipozama katika ziwa hilo upande wa Wilaya ya Mukono na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Wapiga mbizi wa jeshi na polisi walishinda majini wakiopoa miili.

Kupiga mbizi kwa kujifunza na kwa starehe, mtungi wa hewa ukiwa mgongoni, ni jambo ambalo wengi hulihusisha na Zanzibar, Mafia, Diani au Mombasa. Mtu wa Jinja au Mbale anayekwenda huko kwa mara ya kwanza hukutana na swali ambalo hakulitarajia: aingie majini kwa kutembea kutoka ufukweni, au apelekwe kwa boti na kushukia penye kina? Aghalabu hulichukua kuwa swali la gharama na ujasiri. Lakini jibu lake linagusa masikio, mapafu, jedwali la mwezi na, kwa anayetoka nyanda za juu, hata tiketi ya basi la kurudi nyumbani.

Mita za kwanza ndizo ngumu

Maji ni mazito. Kila mita 10 za kina cha bahari huongeza mgandamizo unaolingana na ule wa hewa yote iliyo juu ya mtu aliyesimama pwani. Kwa hiyo mtu akishuka mita 10, mgandamizo unaomzunguka huwa mara mbili ya ule wa juu. Akishuka mita 10 nyingine, ongezeko ni la nusu tu ya ule aliokwisha kuuzoea. Maana yake ni kwamba badiliko kubwa kuliko yote hutokea karibu na uso wa maji, mahali ambapo anayeanza hudhani kuwa pana usalama.

Masikio ndiyo ya kwanza kulalamika. Ni lazima mtu abane pua na kupuliza taratibu ili hewa iingie ndani ya sikio, naye afanye hivyo kabla maumivu hayajaanza, tena kila baada ya hatua chache. Mapafu nayo yana sharti lake. Pumzi iliyovutwa katika kina cha mita 10 hutanuka na kuwa mara mbili ifikapo juu. Anayebana pumzi kwa hofu na kukimbilia juu anaweza kuyapasua mapafu yake hata kama hakuwa mbali na uso wa maji. Ndiyo sababu kanuni ya kwanza ya kila mwalimu ni moja: usibane pumzi, na upande polepole.

Hapo ndipo ufukwe wenye mteremko wa taratibu unapomfaa mwanafunzi. Ardhi ya chini humfanyia kazi ya ngazi. Akiwa katika maji ya kiuno anajifunza kuyatoa maji yaliyoingia kwenye miwani. Katika maji ya kifua anajifunza kuvuta hewa ya mtungi bila haraka. Akipaliwa anasimama tu. Kina huongezeka kadiri anavyosonga mbele, na masikio hupata muda wa kuzoea.

Botini mambo huanza kwa namna nyingine. Mwanafunzi huketi ukingoni akayapa maji mgongo, hushika miwani yake na kujiangusha nyuma, au huruka kwa hatua moja ndefu. Mara moja yumo katika maji ambayo pengine yana kina cha mita 12, bila chochote cha kukanyaga. Mwalimu mwenye busara humshusha kwa kamba ya nanga, mkono kwa mkono, akisimama kila masikio yanapogoma. Pasipo kamba, mtu mgeni huweza kushuka kwa kasi kuliko anavyofahamu, hasa akiwa amefungwa risasi nyingi kiunoni.

Taabu ya ufukweni huja mwishoni

Isidhaniwe kwamba ufukwe ni rahisi kwa kila hali. Mtungi, risasi, fulana ya hewa na vazi la mpira huweza kufikia uzito wa kilo 20 na zaidi, na vyote hubebwa kwa miguu juu ya mchanga au mawe yenye utelezi. Mawimbi yanayovunjika pwani humwangusha hata mtu mwenye nguvu. Zaidi ya hayo, aliyeingia kutoka ufukweni hana budi kurudi pale pale. Akitumia hewa yake kupita kiasi, au mkondo ukimsukuma upande asioutaka, ataogelea akiwa amechoka, na mwisho atakabiliana na mawimbi yale yale aliyoyapita akiwa na nguvu.

Botini taabu hiyo hupungua. Mkondo ukiwachukua wapiga mbizi, nahodha hufuata mapovu yao au boya lao na kuwaokota walipoibukia. Lakini hilo hutegemea kabisa uangalifu wa nahodha, na mwanafunzi ana haki ya kuuliza mapema: nani atabaki botini sisi tukiwa chini? Kuna oksijeni? Redio au simu inafanya kazi? Ikiwa wote waliomo wataingia majini na boti ikabaki peke yake juu ya nanga, ni afadhali mwanafunzi abaki nchi kavu siku hiyo.

Zanzibar, bahari ndiyo inayoamua

Kuna mahali duniani ambapo ufukwe umeshinda. Kisiwa cha Bonaire katika Karibi kinajulikana kwa mawe ya manjano yaliyowekwa kando ya barabara kuonyesha sehemu za kuingilia. Mtu huegesha gari, huvaa mtungi na kutembea hadi majini. Inawezekana kwa sababu matumbawe yako hatua chache tu kutoka pwani, na bahari ya huko hupanda na kushuka kidogo sana.

Pwani ya Afrika Mashariki si hivyo. Unguja, wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita nne. Katika pwani ya mashariki, kama vile Paje na Jambiani, maji yakipwa mtu huweza kutembea mbali sana juu ya mchanga ambako kina mama hulima mwani, huku mwamba unaovunja mawimbi ukionekana kwa mbali kama mstari mweupe. Aliyepanga kuingia kwa miguu saa hiyo hatapata maji ya kuzamia. Na aliyeingia maji yakiwa yamejaa, akachelewa, atarudi akiwa amebeba mzigo wake juu ya miamba na mashetani ya baharini, yale yenye miiba mirefu myeusi.

Kwa sababu hiyo karibu upigaji mbizi wote wa Zanzibar hufanywa kwa boti: kutoka Nungwi na Kendwa kaskazini, kutoka Matemwe kuelekea Mnemba, na kutoka Mji Mkongwe kuelekea miamba iliyo mbele ya bandari. Huko ndiko yaliko mabaki ya Great Northern, meli ya kutandaza nyaya za simu iliyozama 1902. Yamelala katika maji yasiyo na kina kirefu, nayo yanamfaa anayeanza, ila hayafikiki kwa miguu. Kisiwani Mafia, katika hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1995, mlango wa Kinasi unaoingia Ghuba ya Chole hupitisha mkondo mkali maji yanapojaa au kupwa. Manahodha huchagua saa ya kwenda kwa kutazama maji kwanza na saa ya mkononi baadaye.

Kwa hiyo mwanafunzi aendaye Zanzibar hana uchaguzi mpana kama vitabu vya ughaibuni vinavyomwonyesha. Alicho nacho ni uchaguzi wa mpangilio. Siku za mwanzo azitumie katika bwawa la kuogelea au katika maji tulivu ya pwani wakati yamejaa, na asilipie boti mpaka aweze kujaza maji kwenye miwani na kuyatoa bila moyo kumwenda mbio. Mkufunzi anayempandisha botini mtu aliyewasili asubuhi ile ile, bila kumwona akiogelea, anaokoa muda wake mwenyewe. Cheti cha mwanzo cha PADI, kwa mfano, humtaka mwanafunzi aogelee mita 200 na kuelea dakika 10, na humruhusu kushuka hadi mita 18. Kuogelea na kuelea ni mambo anayoweza kuyafanyia mazoezi Jinja, bwawani, kabla hajakata tiketi.

Je, ziwani Jinja?

Hapa hesabu hugeuka. Ufukwe unaomlinda mwanafunzi wa baharini ndio sehemu mbaya zaidi kwa anayetaka kuingia katika Ziwa Viktoria. Kwenye maji mafupi yenye majani huishi konokono wabebao vimelea vya kichocho cha matumbo. Vimelea hivyo hutoka kwa konokono, hasa mchana jua likiwa kali, na huweza kupenya ngozi katika muda wa dakika chache tu. Kule kusimama katika maji ya kiuno kwa nusu saa ukijifunza kutoa maji kwenye miwani, jambo linalosifiwa pwani, ni kujianika kwa vimelea hivyo. Vazi la mpira hupunguza hatari bila kuiondoa. Aliyekwisha kuingia anapaswa kupimwa wiki kadhaa baadaye, si kesho yake. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, na minyoo huhitaji muda kukomaa.

Kuna pia mamba na viboko, ambao kando ya maji ndiko makazi yao. Kuna giza: matope na mwani wa kijani mara nyingi hufanya mtu asiuone mkono wake ulionyooshwa, na mwanafunzi asiyemwona mwalimu wake hana mwalimu. Mtoni kuna mkondo ambao, tangu mabwawa ya umeme yajengwe kuanzia Owen Falls lililokamilika 1954, hubadilika pia kwa maji yanayofunguliwa. Waongozaji wa mashua za mpira wanaoujua Nile vizuri huwataka wateja wao wabaki juu ya maji, wakiwa na jaketi la kuokolea. Boti humwepusha mtu na konokono wa pembeni, lakini haimwondolei giza wala mkondo. Ziwa hilo si darasa la anayeanza, kwa njia yoyote ile.

Aidha kuna jambo lisiloonekana kwa macho. Uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ina mgandamizo wa karibu asilimia 87 ya ule wa pwani. Majedwali ya kawaida ya kupigia mbizi yameandikwa kwa ajili ya baharini. Anayezama juu ya mita 300 hivi huhitaji hesabu nyingine, kwa kuwa anapoibuka huibukia kwenye hewa nyepesi zaidi.

Safari ya kurudi

Hewa nyepesi hiyo humhusu hata yule ambaye hatagusa ziwa kamwe. Mtu akiwa chini, naitrojeni iliyomo katika hewa ya mtungi huingia katika damu na nyama za mwili wake. Baada ya kutoka, gesi hiyo huhitaji saa nyingi kuondoka. Akipanda mahali palipoinuka kabla haijapungua, huweza kufanya mapovu mwilini, kama soda inayofunguliwa ghafla. Dalili ni maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, na mara nyingine kupooza. Tiba yake ni oksijeni na chumba maalumu cha mgandamizo, ambacho hakipatikani katika hospitali za kawaida.

Watu wengi wamesikia kwamba wasipande ndege mara baada ya kupiga mbizi. Mwongozo wa shirika la Divers Alert Network hutaja angalau saa 12 baada ya kuzama mara moja, na angalau saa 18 baada ya kuzama mara kadhaa au kwa siku kadhaa. Linalosahaulika ni kwamba mwongozo huo huhesabu kimo kuanzia mita 600 hivi. Kurudi Jinja au Mbale kwa njia yoyote ni kupanda zaidi ya hapo.

Na basi haliko salama kuliko ndege. Aliyezama Mombasa Jumamosi saa sita mchana, baada ya siku tatu za mafunzo, atatimiza saa 18 Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Basi la Jumamosi usiku huwa limekwisha kumfikisha Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, kabla ya saa hiyo. Likifuata barabara ya Nakuru na Eldoret kuelekea Malaba, hupita Timboroa, kwenye zaidi ya mita 2,700. Hapo ni juu kuliko kimo ambacho saa hizo 18 zilikadiriwa, na ni juu kuliko hali ya hewa inayodumishwa ndani ya ndege ya abiria. Anayetumia njia hiyo ni bora azame mara ya mwisho Ijumaa, aoshe vifaa Jumamosi, na aondoke Jumapili. Anayekusudia kupanda Mlima Elgon, wenye kilele cha mita 4,321, na aupande kabla ya kwenda pwani.