Mikono ya Ng'ambo ya Ruzizi

Mpunga hauna subira. Miche ikishakaa kitaluni wiki tatu au nne, ni lazima ing'olewe na kupandikizwa topeni kwa siku chache. Ikichelewa huchipua kidogo na mavuno hupungua. Baadaye kuna palizi, kuamia ndege masuke yanapojaa, kisha kukata na kupura. Kila hatua yataka watu wengi kwa mpigo, halafu kazi inakatika. Ndiyo maana wakulima wa Bonde la Ruzizi upande wa Kongo, toka Luvungi hadi Luberizi na Sange, wamezoea vibarua wanaovuka mto kutoka Cibitoke, Burundi. Vibarua hao wakifukuzwa, shamba linapata hasara. Wakiachwa bila karatasi, anayepata hasara ni kijana wa hapa. Kinachotufaa ni kibali cha msimu, rahisi na cha bei nafuu.

Wapo wanaosema mgeni anamnyang'anya mwenyeji kazi. Malalamiko hayo yana msingi, ila lawama imeelekezwa pasipo pake. Kibarua asiye na karatasi hukubali franga zozote anazopewa, na akidhulumiwa hathubutu kushtaki. Mwenye shamba anampenda kwa sababu hiyo hiyo, na kijana wa Luvungi anayedai zaidi anaachwa. Mpe mgeni kibali na haki ya kulalamika, naye hatakuwa tena rahisi kuliko mwenyeji. Tena mpunga uliopandwa kwa wakati huwapa kazi wengine wengi: wapakiaji, wenye mashine za kukoboa, na akina mama wanaouuza Uvira na Bukavu.

Pingamizi zito zaidi ni ardhi. Watu wanaogopa kwamba anayekuja kulima leo atadai shamba kesho, na eneo letu la Kivu lina sababu ya kuogopa. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji walihamisha maelfu ya watu kutoka Rwanda hadi Masisi, huko Kivu, wakitafuta mikono ya mashamba makubwa, bila kuweka wazi hadhi yao ya baadaye. Sheria ya 1972 iliwapa uraia waliotoka Rwanda na Burundi wakakaa Kivu kabla ya 1950. Ile ya 1981 ikaufuta. Kutoeleweka huko kulichochea ugomvi uliomwaga damu. Basi kibali kiandike waziwazi tangu mwanzo: muda wa kazi, jina la mwenye shamba, na kwamba hakimpi mtu haki ya ardhi. Mwami, yaani chifu wa jadi, na wakuu wa vijiji wawe na nakala yake.

Kuhusu usalama, ni kweli vikundi vyenye silaha kutoka Burundi vimejificha katika bonde hili. Lakini mwenye bunduki hapangi foleni mpakani akaandikishe jina. Wavukaji wa halali wakiandikishwa, askari hubaki na wachache wa kuwatilia shaka. Njia za kuanzia tunazo: CEPGL, jumuiya ya kiuchumi ya Burundi, Kongo na Rwanda iliyoundwa 1976, ilikwisha kuwazoesha watu wa mipakani kuvuka kwa karatasi nyepesi, na tangu 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Soko lake la Pamoja linataka wafanyakazi wasogee kwa urahisi. Ahadi hizo hazina maana kwa kibarua ikiwa ada za mpakani, nyingine zisizo na risiti, zinameza ujira wa siku nzima.

Tena mto huu huvukwa pande zote mbili. Mwaka 2015 Warundi waliokimbia machafuko walipokelewa Kongo, huko Fizi, katika kambi ya Lusenda. Februari 2025 ilikuwa zamu ya Wakongo: maelfu walikimbia vita, wakavuka Ruzizi na kujikuta katika uwanja wa mpira wa Rugombo, huko Burundi. Mkimbizi naye hutafuta kibarua. Kwa hiyo serikali za Kinshasa na Gitega ziandike kanuni moja ya kazi za msimu kwa kingo zote mbili, kwa kuwa Mkongo anayelima Cibitoke anahitaji ulinzi ule ule tunaoombwa kumpa Mrundi anayelima Luvungi.