Antene zinazomfuata mwenye simu: zinaweza nini Masisi na Walikale?

Wakaaji wengi wa Masisi wanajua kile kilima ambacho mtu hupanda ili apate rezo. Antene ya kawaida inamwaga mawimbi eneo pana, hata pale hakuna mtu. Antene zenye kujirekebisha zinafanya tofauti. Mnara unabeba antene ndogo nyingi. Kompyuta inapima namna mawimbi ya simu yanavyofikia kila moja, kisha inachelewesha kidogo hii na ile, ili mawimbi yaungane upande wa mwenye kupiga na yauane kwingine. Faida iko hasa katika kusikiliza: simu ya mkononi ina nguvu ndogo, basi mnara ndio unatega sikio.

Teknolojia hii si ya jana. Martin Cooper, aliyepiga simu ya kwanza ya mkononi mwaka 1973, alianzisha kampuni ya ArrayComm kwa kazi hiyo mwaka 1992.

Walikale, ambako majani ya msitu yanadhoofisha mawimbi, ingeweza kusaidia. Masisi ni shida nyingine: mlima haupenyeki. Anayemwita muuguzi usiku kutoka bondeni, nyuma ya kilima, bado anahitaji mnara mwingine, na mazutu au sola ya kuuendesha.