Damu ya Igamba ikishuka Kamsamba

Msimu wa kuchuma kahawa, asubuhi za Igamba wilayani Mbozi ni za makoti. Baridi hiyo humsumbua hata mbu: kimelea cha malaria huchelewa kukomaa ndani ya mwili wake. Ukishuka Kamsamba kufuata mpunga, kwenye joto la bonde la Rukwa, mambo hubadilika. Mtu aliyewahi kupimwa akaambiwa damu yake ni AS, yaani amerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, huenda akateremka kifua mbele, kwamba malaria haimwezi. Kwa maoni yangu, anajidanganya nusu.

Ile nusu ya kweli ilianza kuonekana mwaka 1949, pale Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alipozunguka nchini humo akipima damu. Tone la damu huwekwa kwenye kioo, likanyimwa oksijeni, kisha unachungulia kwenye hadubini: seli zilizokuwa duara kama chapati huanza kujikunja na kuchongoka, mfano wa mundu ule ule wa kuvunia mpunga. Allison aliona kwamba wenye damu hiyo walikuwa wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu. Palipo na malaria ndipo walipo. Bwamba, magharibi mwa Uganda, walikaribia watu 40 katika kila 100. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake: kinasaba hiki kinadumu kwa sababu kinawakinga watoto dhidi ya malaria.

Kinakingaje? Herufi moja tu ya kinasaba imebadilika, lakini inatosha kuiharibia hemoglobini tabia. Kimelea kinapoingia kwenye seli ya AS, seli huchakaa haraka. Pia hushindwa kupanga vizuri juu ya ngozi yake ile protini ambayo kimelea huitumia kama gundi ya kung'ang'ania mishipa midogo, ikiwemo ya ubongo. Seli isiyonata huzunguka na damu hadi kwenye bandama, na huko seli walinzi huitambua kuwa mbovu na kuimeza. Ndiyo maana AS hupunguza malaria kali kwa takriban asilimia 90.

Kwa malaria ya kawaida, hesabu ni nyingine. Mwaka 2005 Thomas Williams na wenzake, wakifuatilia watu wa Kilifi, Kenya, waliona kinga ya AS ikiwa asilimia 20 katika miaka miwili ya mwanzo, ikapanda hadi 56 kufikia umri wa miaka 10, kisha ikashuka hadi 30. Hemoglobini haiongezeki ubora mwaka hadi mwaka namna hiyo. Kinachokua ni elimu ya mwili: inaelekea kila seli iliyomezwa mapema huupa mfumo wa kinga somo juu ya sura ya adui. Kushuka baadaye huenda ni kwa sababu wasio na AS nao wameshahitimu, kwa kuumwa. Iwapo somo hilo huongeza kingamwili, tafiti bado zinapingana.

Damu ina vituko vyake. Huko huko Kilifi, waliorithi AS pamoja na talasemia ya alfa, kasoro nyingine ya hemoglobini ambayo peke yake nayo hukinga, walikutwa kinga zote mbili karibu zimefutana.

Na AS isichanganywe na SS, yaani wagonjwa wa selimundu, waliorithi kinasaba hicho kutoka kwa wazazi wote wawili. Tanzania huzaliwa takriban watoto 11,000 wa namna hiyo kila mwaka. Utafiti wa Julie Makani na wenzake Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba wagonjwa hao hukutwa na malaria mara chache, lakini anayelazwa nayo yuko kwenye hatari kubwa ya kufa.

Turudi kwa mtu wetu wa Igamba. Ile nusu ya kurithi anayo. Nusu ya kujifunza, kwa aliyekulia kwenye baridi na mbu wachache, pengine ni ndogo sana. Alale ndani ya chandarua kama wengine. Tena kimelea hukaa kimya siku 7 hadi 14, wakati mwingine zaidi, kabla homa haijaanza; kwa hiyo huenda ikamkuta ameshapanda mlima na magunia yake, akadhani ni mafua. Akifika kituo cha afya, jambo la kwanza amwambie mhudumu ni kwamba ametoka Kamsamba.