Leso Zilizochapishwa Japani: Kumbukumbu ya Kampala Iliyoko Osaka

Makala hii inahusu mkusanyo wa michoro na vipande vya kanga uliohifadhiwa Osaka na kampuni ya Nishizawa, iliyouza nguo hizo Afrika Mashariki katika miongo iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia. Huko Japani mkusanyo huo waweza kuhesabiwa kuwa mabaki ya biashara. Kwa Kampala, ambako kanga huitwa leesu, ni sehemu ya historia ya mavazi, ya lugha na ya pamba yenyewe.

Kilimo cha pamba ya kuuza nje kilianza Uganda mwaka 1903. Baina ya vita vikuu viwili, viwanda vya Japani vilikuwa miongoni mwa wanunuzi wake, na mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianzisha safari za kawaida za Afrika Mashariki. Pamba iliteremka Mombasa kwa reli. Nguo zikapanda kwa reli hiyohiyo. Mwaka 1934 Uingereza iliwekea nguo za Japani mipaka ya uingizaji katika makoloni yake mengi, lakini Uganda, Kenya na Tanganyika hazikuguswa, kwa kuwa mikataba ya Bonde la Kongo ilikataza upendeleo wa kibiashara. Mnunuzi wa Kampala, ambaye hakuulizwa lolote mikataba hiyo ilipotiwa saini, alinufaika kwa bei nafuu.

Kanga ina pindo, mji na jina. Wafanyabiashara wa Mombasa, hasa Kaderdina Hajee Essak, ambaye chapa yake ni "Mali ya Abdulla", waliagiza mapambo na majina; uchapaji ukafanyika Japani. Kwa hiyo karatasi ya mchoro ni ushahidi wa mikono miwili: ustadi wa mchapaji, na hukumu ya mwagizaji aliyejua ni maneno gani yatasomwa sokoni msimu huo. Mchoro ukiorodheshwa kwa namba na rangi tu, nusu ya ushahidi hupotea. Mtafiti wa Kiswahili hana njia ya kuutafuta, na msimamizi asiyesoma jina hawezi kujua anachokitunza.

Sera nayo ina upungufu. Nguo ya magome ya Buganda ilitangazwa na UNESCO kuwa urithi mwaka 2005, na ilistahili. Nguo ya kiwandani haina hadhi ya namna hiyo, ingawa imevaliwa na watu wengi zaidi kila siku. Kuagizwa kwake kutoka nje kumeifanya ionekane si ya mtu.

Hatua ya kwanza si kudai mkusanyo urejeshwe. Ni kuomba nakala za kidijitali, kisha kuandaa katalogi ya pamoja inayonakili kila jina kama lilivyochapishwa, pamoja na mwaka na mwagizaji vinapojulikana. Leso za zamani zilizo masandukuni mwa familia za Kampala zipigwe picha zikiwa bado mikononi mwa wenyewe, na maelezo ya waliozivaa yarekodiwe wakati huohuo.