Waogiek na Asali ya Msitu wa Mau

Wasomaji wengi wamepata kusikia jina "Ndorobo". Jina hilo latokana na lugha ya Wamasai, na maana yake ni watu maskini wasio na ng'ombe. Wenyewe hujiita Ogiek, wala hawakuyaona maisha yao kuwa ya ufukara: msitu wa Mau, ulio katika ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa, uliwapa nyama, dawa, na zaidi ya yote asali.

Watu wa nje hudhani kwamba mwindaji ni mtu wa kutangatanga, alalaye popote jua limchwapo. Dhana hiyo si kweli. Kwa desturi ya Waogiek msitu uligawanywa baina ya koo, na kila ukoo ulikuwa na kipande chake kirefu, kilichopanda kutoka nchi ya chini hadi juu penye baridi na mianzi. Sababu ya kugawa hivyo ni maua. Miti haichanui yote kwa wakati mmoja. Ya chini huwa na msimu wake na ya juu wake, na nyuki hufuata maua. Basi wenye kipande cha namna hiyo waliweza kupanda na kushuka pamoja na mavuno, bila kuingia kwa jirani.

Mzinga huchongwa kwa gogo la mtarakwa, mti usiooza upesi. Gogo hupasuliwa mara mbili, likakombwa ndani, kisha likafungwa tena na kupachikwa juu ya mti. Kila mzinga una mwenyewe. Asali ililiwa, ilitengenezewa pombe, ilitolewa mahari, na ilipelekwa kwa Wamasai kubadilishwa kwa vitu vingine.

Walakini shamba la asali halina ua wala matuta, na hapo ndipo mashaka yalipoanza. Tume ya Ardhi ya Kenya, katika taarifa yake ya 1933, ilishauri watu hao wahamishiwe katika nchi za makabila makubwa waliyohusiana nayo. Sehemu za msitu zilikatwa, ikapandwa misonobari, ambayo haiwafai nyuki. Mnamo 1977 uwindaji ulipigwa marufuku katika Kenya nzima. Siku hizi Waogiek wengi hulima mahindi na viazi na kufuga ng'ombe. Mizinga bado ipo.

Oktoba 2009 waliamriwa kutoka msituni katika muda wa siku 30, ili chemchemi zilindwe. Na ni kweli kwamba mito ya Mara na Sondu huanzia huko. Shauri likafika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama ilihukumu kwamba Serikali ya Kenya ilivunja haki zao, na kwamba lawama ya kuharibika kwa msitu haiwezi kuwaangukia Waogiek. Tarehe 23 Juni 2022 iliamuru walipwe shilingi 157,850,000, na ardhi yao ipimwe na kuandikwa kwa jina la jamii yote. Hata hivyo, Novemba 2023 nyumba zao zilivunjwa huko Sasimwani, Narok.

Mipaka ya koo hizo haikuchorwa karatasini. Ni vijito na migongo ya vilima, nao waijuao vema ni wazee waliopanda na kushuka humo wakiitazama mizinga yao. Mpima ardhi apelekwaye Mau hana budi kufuatana nao.